Nyumba Iliyosahau Taka

Mama Pacha alifungua kabati lake kutafuta gauni la kubadilisha, akakuta mfuko wa taka umekaa juu ya shali ya mjukuu wake. Haukuwa pembeni yake wala karibu yake. Ulikuwa juu yake hasa, umejiachia, na chini ulikuwa umetoboka. Maji ya tikiti yaliyochanganyika na maji ya kuoshea samaki yalikuwa yamepenya shali yote mpaka yakatokea upande wa pili, na sasa yalikuwa yanadondokea viatu vyake vya kutokea. Shali hiyo aliifuma mwenyewe kwa uzi mweupe, miezi yote ambayo binti yake alikuwa mjamzito.

Aliushika mfuko kwa vidole viwili, akauvuta. Ukapasuka.

Mwingine angepiga kelele. Yeye alikaa kitako ukingoni mwa kitanda, maganda yametapakaa miguuni, akasikiliza mumewe anavyopiga mluzi huko nje. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa amesimama mbele ya kioo cha pembeni cha gari akinyoa ndevu, amevaa fulana yake, hana habari na dunia.

"Baba Pacha!"

"Naam, mke wangu!"

"Nani ameweka taka kwenye kabati langu?"

Mluzi ulikatika, ukarudi kidogo, ukakatika kabisa. "Ah, ni mimi. Jana zilikuwa zinanuka pale mbele, nikaona nizisogeze. Kabati lako ndilo lililokuwa na nafasi."

Lilikuwa na nafasi! Mama Pacha aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo, na kila alipoyarudia yalizidi kumchoma. Ili uielewe hasira yake ni lazima kwanza ulielewe gari lenyewe, maana ukimhukumu kwa mfuko mmoja utakuwa unamwonea.

Fundi alikuwa seremala. Vitanda, meza, makabati ya maharusi, vyote vilipita mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kurudi kwake kulalamika kwamba droo inakwama. Alipoifunga warsha yake kwa uzee alinunua gari kuukuu la kusambazia mikate, la kiwanda kilichokufa, akaliingiza uani, akajifungia nalo. Alimwambia mkewe asichungulie. "Ni zawadi yako," alisema. "Tutazunguka na nyumba yetu mgongoni kama konokono. Tutalala tunapotaka." Mama Pacha hakuchungulia. Alisikia randa na nyundo kutwa, akawa anamwekea chai kwenye kidato cha mlango na kuondoka, kama anayempelekea mfungwa chakula. Naye alikuwa ndiyo kwanza amestaafu kazi ya kufua mashuka hospitalini, na wazo la kulala anapotaka lilimfurahisha kuliko alivyokiri.

Siku ya kulifungua, majirani walijaa uani. Fundi alisimama mlangoni, kichwa kimemvimba, akawa anafungua kimoja baada ya kingine. "Kila kitu kina mahali pake," alisema, na kweli kilikuwa napo. Kila kikombe kilikuwa na tundu lake ili kisigongane na mwenzake barabarani. Kofia ilikuwa na kigingi chake. Fimbo za kuvulia samaki zilikuwa na sanduku refu chini ya kitanda. Skrubu zilikuwa na droo yenye vyumba vidogo vidogo, magazeti ya zamani yalikuwa na rafu, karata zilikuwa na mfuko wa mbao wenye mfuniko. Redio ndiyo iliyokuwa malkia wa humo ndani: kabati kubwa karibu na mlango, limetandikwa kitambaa chekundu laini, lina bawaba za shaba. Watu wakapiga makofi. "Na hili," akasema mwishoni, akigusa kikabati chembamba ubavuni mwa kitanda, "ni la mama mwenye nyumba."

Mama Pacha alitaka kuuliza swali moja siku ile. Alilimeza, kwa sababu watu walikuwa wanashangilia, na kwa sababu alimwamini. Mtu aliyezikumbuka hata karata, alijiambia, atasahauje taka? Lazima ameziwekea mahali ambapo mimi sijapaona.

Hapakuwepo. Asubuhi ya kwanza ya safari ya kwenda kumwona mjukuu alijikuta amesimama katikati ya gari na maganda ya mayai kiganjani, anajizungusha. Alifungua huku, akafungua kule. "Baba Pacha, hizi niziweke wapi?" Fundi aliyatazama maganda yale kwa mshangao wa mtu aliyeletewa mzigo wa jirani. "Weka tu hapo," alisema. Hapo wapi? "Hapo, popote."

Basi taka zikawa abiria. Mfuko mmoja ulining'inia kwenye gia, mwingine kwenye mpini wa mlango, na ule mkubwa ukapewa nafasi chini ya dashibodi, upande wa mkewe, kwa hiyo Mama Pacha alisafiri amekunja magoti kama kuku aliyefungwa. Kila walipopita kibanda cha matunda Fundi alisimama kununua tikiti, maana ndivyo alivyoipenda safari yake: tikiti, redio, na upepo dirishani. Alikula, akatema mbegu, akamkabidhi mkewe maganda bila kugeuza shingo. Vituo vingine havikuwa na pipa, vingine pipa lilikuwa limefurika, na pengine Fundi alikuwa na haraka ya kuwahi kivuli kizuri cha kuegesha. Zilipoanza kutoa harufu ni yeye aliyekuwa wa kwanza kukunja pua. "Mbona gari linanuka?" aliuliza. Eti mbona gari linanuka!

Sasa walikuwa wameegesha kwenye uwanja wa kupumzikia magari kando ya barabara kuu. Palikuwa na bomba moja, choo cha mabati, na mlinzi, mwanamke mnene mwenye rungu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki tangu alfajiri. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kituo cha basi. Mama Pacha alikuwa ameshauliza jana yake, kwa kuuliza tu, kumbe moyo ulikuwa unajua kabla yake: basi la kurudi mjini kwao lilipita hapo kila siku mchana.

Alichukua begi lake dogo, akatia nguo ambazo hazikupatwa na yale maji, akaliweka kwenye kidato cha mlango mahali ambapo kila anayeingia angelazimika kuliruka.

"Basi linapita mchana," alimwambia mumewe. "Nitakuwa ndani yake."

Fundi alikuwa na povu shavu moja. "Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Na mjukuu?"

"Mjukuu nitakwenda kumwona kwa basi kama watu wengine. Nikishamfumia shali nyingine."

Fundi akacheka. Tumtetee kidogo: hakucheka kwa dharau, alicheka kwa woga, kama wanaume wengi wanavyocheka jambo linapowazidi kimo. Lakini alicheka. "Yaani kwa sababu ya mfuko mmoja?"

Mama Pacha alimpa mgongo. Aliingia ndani, akatoka na turubai, akalitandika chini, halafu akaanza kulitoa gari matumbo. Fimbo za kuvulia zilitoka. Magazeti yalitoka. Droo ya skrubu ilitoka ikilia. Alitoa mito, sufuria, viatu, koti la mvua, sanduku la vifaa ambalo Fundi humwambia asiliguse, akavipanga juani vikiwa vimeachana, ili kila kitu kionekane kilivyo. Mwishowe akatoa taka. Mfuko wa gia, mfuko wa mlango, mfuko wa dashibodi, na mabaki ya ule uliopasuka. Akaimwaga yote juu ya turubai. Inzi wakapata habari papo hapo.

Fundi, kwa kuona mambo yamekuwa mambo, akachukua simu akampigia binti yao, yule aliyejifungua, akaweka sauti ya nje. Alitaka msuluhishi.

"Mama," sauti ya binti ilisikika, na nyuma yake mtoto analia, "jamani, si unamjua Baba? Ndivyo alivyo. Mvumilie tu, mko karibu kufika."

"Namjua," Mama Pacha akasema. "Mnyonyeshe mtoto." Akabonyeza kitufe cha kukata, akamrudishia mumewe simu yake. Ndivyo alivyo! Neno hilo lilikuwa limemwandama maisha yake yote ya ndoa. Mama mkwe alilisema, Mungu amrehemu, mashoga zake walilisema, na sasa mwanawe wa kumzaa analisema. Hakuna aliyewahi kumwambia Fundi, na mkeo ndivyo alivyo, mvumilie.

Alichuchumaa mbele ya lundo akiwa na kijiti. Watu wengine hutenganisha taka kavu na mbichi, na za kuoza na zisizooza. Mama Pacha alizitenganisha kwa mwenyewe.

"Ganda la tikiti," alisema kwa sauti. "Lako." Akalisukumia kushoto. "Ganda la tikiti. Lako. Betri za redio, zako. Vichwa vya samaki uliowavua mwenyewe ukasema hutaki kuwatupa. Vyako. Majani ya chai." Alisita. "Yangu." Akayasogeza kulia. "Tikiti. Tikiti. Gazeti lililolowa. Wembe. Tikiti."

"Mke wangu, watu wanatutazama."

Watu wenyewe walikuwa mlinzi peke yake, na ni kweli alikuwa anatazama. Alikuwa amekigeuza kiti chake.

"Maganda ya vitunguu," Mama Pacha akaendelea. "Yako."

"Hapana, hayo si yangu!" Fundi akachuchumaa naye, povu limemkaukia shavuni. "Vitunguu umemenya wewe."

"Nimemenya mimi, amekula nani?"

"Tumekula wote!"

"Basi tugawane." Akayagawa, ganda huku, ganda kule, kwa uaminifu wa hakimu. Mlinzi akaguna kwa kuridhika.

Walipomaliza, upande wa kulia palikuwa na kilima ambacho ungeweza kukifunika kwa sahani. Upande wa kushoto ungeweza kuficha mbuzi. Fundi alitazama kushoto, akatazama kulia, akapangusa mikono kwenye suruali. Alionekana kutafuta kosa katika mahesabu na kulikosa. Halafu akafanya alichozoea kufanya. Alimgeukia mwanamke wa karibu.

"Dada yangu," alimwambia mlinzi kwa ile sauti tamu ya kuwatongozea wateja, "hebu nisaidie kuzitupa hizi hapo kwenye mtaro, ziondoke machoni."

"Mzee," mlinzi akasema bila kuinuka, "mimi nalinda magari. Na hapo mtaroni hapatupwi taka. Jalala lipo kule chini, ukivuka reli, ukapita kiwanda cha matofali, unaliona."

"Mbali?"

"Unafika."

Fundi akarudi kwa mkewe. Sasa na yeye uso ulikuwa umembadilika, maana aibu ya kunyimwa mbele ya mkewe ilimgusa pabaya. "Haya, mimi nakuuliza kitu kimoja, na unijibu bila hasira," alisema. "Nyumbani tumeishi miaka yote hii. Taka hazikuwahi kuwa tatizo. Hazikuwahi! Sasa huku zimekuwa tatizo kwa nini? Nyumbani zilikuwa zinakwenda wapi?"

Mama Pacha aliinua uso. Alidhani ni kejeli. Alimchunguza mumewe macho, mdomo, paji la uso, akitafuta pale kejeli ilipojificha, na hakuiona. Mzee wa watu alikuwa anauliza swali. Hakujua.

Kijiti kilimtoka mkononi. Mpaka dakika ile alikuwa na hasira ya shali, hasira ya magoti kukunjwa, hasira ambayo chai na samahani zingeweza kuipunguza. Hii iliyomjia sasa ilikuwa nyingine, na ilikuja taratibu.

"Ulidhani zinakwenda wapi?" aliuliza.

"Si kulikuwa na gari la taka?"

"Gari la taka liliacha kuingia kwenye kichochoro chetu kabla pacha hawajaota meno."

"Sasa je..."

"Nilizibeba, Baba Pacha. Kichwani. Kwenye ndoo ya bluu, ambayo ulikuwa ukiiona nyuma ya mlango kila siku ya Mungu. Nilivuka soko, nikapita nyuma ya shule, nikashuka bondeni. Asubuhi, kabla sijakwenda kazini kufua mashuka ya watu. Nilizibeba nina mimba ya watoto wawili. Nilizibeba mguu umeteguka. Tuliporudi kutoka kumzika mama yangu, wageni walipoondoka, wewe ulikaa na wanaume barazani mnapumzika, na mimi nilibeba mabaki ya sahani zao, ndoo baada ya ndoo, nalia njiani na inzi wananifuata. Ulinikuta mlangoni narudi. Ukaniuliza, ulikuwa wapi, tunataka chai."

Mlinzi alikuwa ameacha kujipepea.

"Sikujua," Fundi akasema. "Nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

Tumpe Fundi hili moja, kwamba mtu mwongo angepata la kusema. "Sikudhani chochote," alisema. "Sikuwahi kufikiria."

"Najua," Mama Pacha akasema, na sauti yake ikapanda mpaka mlinzi akashtuka. "Ndiyo maana umejenga nyumba nzima ukasahau! Karata umezikumbuka! Kofia umeikumbuka! Redio umeitandikia kitanda chekundu, mimi mwenyewe sijawahi kulalia kitambaa laini namna hiyo! Ulipokuwa unapima mbao, hukuona taka, kwa sababu hukuwahi kuziona. Na hukuziona kwa sababu mimi nilikuwa naziondoa. Sasa nimezileta mbele yako. Zitazame. Hizo ndizo nilizokuwa nazibeba. Zako!"

Hakulia; alikasirika kupita kiasi cha kulia. Aliona hata aibu kidogo, kwa kuwa hakuwahi kumpandishia sauti mumewe mbele ya mtu, na papo hapo aibu yenyewe ikamtia hasira mpya.

Fundi alikitazama tena kilima cha kushoto. Halafu aliingia garini, akiliruka begi, akatoka na ndoo. Ilikuwa ndoo yao moja tu, ya maji. Akachuchumaa akaanza kuzitia taka, zake kwanza, kwa mikono mitupu, maganda yanamteleza, funza wanamwangukia kwenye kandambili. Ndoo ilijaa kabla kilima hakijapungua. Zilizobaki akazishindilia kwenye mfuko mkubwa. Alijaribu kuipachika ndoo begani, ikamwagika. Akajaribu kuikumbatia, ikamchafua fulana. Mama Pacha alimtazama anavyohangaika na hakufungua mdomo, ingawa angeweza kumwelekeza kwa neno moja. Mwishowe akaiinua kwa mpini, mwili umepinda upande mmoja, mfuko upande wa pili, akaanza kushuka kuelekea reli. Ndevu zake zilikuwa zimenyolewa shavu moja tu.

"Na za kwako?" mlinzi akamuuliza Mama Pacha.

"Za kwangu nitazipeleka mwenyewe. Nimezoea."

Kisha akachota maji kwenye sufuria, akatia sabuni, akaingia kusafisha makabati. Hakuwa anasafisha kwa ajili ya safari; alikuwa keshasema anaondoka. Alikuwa anasafisha kwa sababu mikono yake haikujua namna nyingine ya kukasirika. Alisugua kabati lake kwanza, kona hadi kona, akimwaga maji meusi nje. Halafu akasugua rafu ya magazeti, na sanduku la fimbo, na matundu ya vikombe. Na kadiri alivyosugua ndivyo alivyozidi kuudhika, kwa sababu kazi ilikuwa nzuri. Kila kona ilikuwa imeungwa hata ukucha haupiti. Ukingo wa kila droo ulikuwa umepigwa randa na kusuguliwa mpaka ukawa laini, usimchane mtu vidole usiku. Kikabati chake, aligundua sasa alipokitoa vitu vyote, kilikuwa na mlango unaofunguka kuelekea upande wa mkono wake wa kushoto, kwa kuwa yeye ni wa kushoto. Mtu aliyelikumbuka hilo hakuwa mtu asiyejali. Ingekuwa nafuu kama hangejali. Alikuwa na macho ya kuona unywele kwenye ubao, na macho hayo hayo yalipita juu ya ndoo ya bluu maisha mazima.

Shali aliitia kwenye maji ya sabuni, ingawa alijua. Alishafua kila doa ambalo mwili wa binadamu unaweza kulitoa, na alijua kwamba hilo la samaki na tikiti kwenye uzi mweupe halitoki. Aliifua hata hivyo, akaikamua, akaianika juu ya mlango wa gari. Iligeuka rangi ya chai ya maziwa.

Jua lilikuwa limepanda Fundi aliporudi. Alikuja polepole, ndoo tupu mkononi, kandambili moja imekatika na ameifunga kwa kipande cha mfuko. Fulana yake ilikuwa na michirizi ya aina nyingi. Alisimama mbali kidogo na mkewe, labda kwa sababu ya harufu.

"Ni mbali," alisema.

Mama Pacha alikuwa anakausha droo.

"Na kuna kilima wakati wa kurudi." Alijipangusa paji la uso. "Ulikuwa unakwenda kila siku?"

"Siku za mvua nilikuwa nateleza."

Fundi akaitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Midomo yake ilicheza. Mama Pacha aliliona neno la samahani linakuja, akalikataza kwa jicho, kwa sababu alikuwa ameshapewa samahani nyingi maishani na zote zilikuwa hazibebi kitu. Fundi akalielewa lile jicho. Akatazama ndani ya gari, lililokuwa safi na tupu, kila mlango wazi, halafu akatazama ndoo.

"Sasa hii niiweke wapi?"

"Mimi sijui. Wewe ndiye uliyejenga."

Alisimama pale na ndoo yake. Aligeuka kushoto, akageuka kulia, mkono ameunyoosha mbele. Alijaribu chini ya dashibodi, akaitoa mwenyewe bila kuambiwa. Alijaribu nyuma ya mlango, mlango ukakataa kufunga. Alikisogelea kikabati chembamba cha ubavuni, mkono ukasita hewani, akaurudisha haraka. Mama Pacha alikausha droo ile ile ambayo ilishakauka, na alikuwa na hasira bado, hasira nzima, haijamegeka hata kidogo.

Fundi akaiweka ndoo chini. Akaliendea sanduku lake la vifaa pale juani, akatoa bisibisi, akapiga magoti mbele ya kabati la redio. Alifungua bawaba za shaba moja baada ya nyingine, akaziweka mfukoni. Kitambaa chekundu alikibandua kwa kukivuta kutoka kona, kikalia krrr, gundi ikabaki kwenye mbao. Akaipima ndoo kwa macho, akaiingiza ndani ya kabati. Mpini wake uligonga rafu ya juu. Akachukua msumeno.

Hapo ndipo honi ikasikika kutoka barabarani. Basi lilikuwa linapunguza mwendo, kondakta ananing'inia mlangoni akiwatazama wenye mabegi. Mlinzi alisimama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mama, basi lako hilo! Nilisimamishe?"

Msumeno ulinyamaza. Fundi hakugeuka. Aliendelea kupiga magoti vile vile, mgongo umelowa jasho, unga wa mbao kwenye vidole, akisubiri.

Mama Pacha alilitazama basi, akalitazama begi kwenye kidato, akautazama mgongo ule.

"Liache lipite," alimwambia mlinzi, kwa sauti ya kumfikia mumewe. "Kesho lipo jingine."